Jiwe la Pini

Jumatatu, 9 Machi

Mvua imeanza leo asubuhi. Nimeijua kwa meza kabla ya kuiona dirishani, maana bati likipigwa na mvua, cherehani yangu hutetemeka hata kama mguu wangu hauko kwenye pedali. Mteja wa kwanza aliingia akiwa amelowa chapachapa, akatikisa mwavuli juu ya jora jipya la kitambaa cha shule. Nilimtazama mpaka akaona haya.

Jumamosi tulimzika Pini. Hilo si jina lake la kwenye kitambulisho. Ni jina tulilompa sisi viziwi wa mji huu, na tunalitaja hivi: kidole gumba na cha shahada vinabana kitu kwenye pembe ya mdomo, kisha vinakitoa. Maisha yake yote alishona akiwa ameuma pini. Ukimwuliza swali alizichomoa kwanza, akakujibu, akazirudisha mdomoni. Kila mmoja wetu ana jina la mikono la namna hiyo, na hakuna anayejichagulia. Mimi ni Dirisha, kwa sababu siwezi kukaa mahali pasipo na mwanga wa kutosha kuona watu wanasema nini.

Makaburini binti yangu alinitafsiria. Yeye anasikia. Kaka yake Pini, mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alisimama akasema, "Dada yetu alikuwa bubu, alikuwa mpole, hakumsumbua mtu." Akakaa. Watu wakaitikia kwa vichwa.

Hakumsumbua mtu. Nimefanya kazi chini ya Pini tangu nilipokuwa msichana, na sijui binadamu aliyesumbua watu kumshinda. Alinifumulisha kola moja mpaka kitambaa kikachoka. Alimsumbua ofisa elimu, aliwasumbua wakunga, alimsumbua kila mwenye nyumba aliyesema hapangishi viziwi. Kama angekuwa mpole mimi leo ningekuwa bado nafua nguo za shangazi yangu, na shangazi angekuwa bado anasema ananifadhili.

Familia imesema jiwe litawekwa mvua zikiisha, udongo ukishatulia. Basi nami nimejipa msimu huu. Siku ya jiwe, Pini atasemwa jinsi alivyokuwa, mbele ya hao hao walioitikia kwa vichwa. Nimeliandika hapa ili nisije nikajifanya nimesahau.

Jumatano, 11 Machi

Unyevu kila mahali. Chaki haishiki kitambaa. Nimekata mashati ya shule kwa kukisia.

Jumapili, 15 Machi

Leo tulikutana kwenye karakana ya Nyusi, kama kila Jumapili. Nyusi ni seremala, kiziwi wa kuzaliwa, na nyusi zake zimekutana katikati kama zinashauriana. Niliwaambia wote: kila mwenye kitu cha Pini akitoe. Nikadhani nitalazimika kuwabembeleza. Wapi. Tulikaa mpaka maranda yakatujaa kwenye nguo, na bado watu walikuwa wanavutana mikono ili wapewe zamu.

Mama mmoja muuza mayai alieleza habari ya utepe. Alipojifungua mtoto wa kwanza, mama mkwe alitaka kumnyang'anya, akisema kiziwi hawezi kusikia mtoto akilia. Pini akaja na utepe wa pindo, akafunga ncha moja kwenye kifundo cha mkono wa mtoto na nyingine kwenye mkono wa mama, akampa somo: alegeze kiasi gani, afunge fundo gani lisilobana. Mtoto akijitikisa tu, mama ameshaamka. Mama mkwe alikuja kuchungulia, akakuta mtoto ananyonya tayari; yeye mwenye masikio ndiye aliyekuwa amepitiwa na usingizi. Tulicheka. Nami nililea kwa utepe huo, sote tulilea kwa utepe huo, na hakuna nesi anayejua ulitoka wapi.

Halafu Nyusi akasimama juu ya kigoda cha mbao kueleza habari ya darasa, maana yeye alikuwa mmoja wa watoto wa kwanza kuingia. Ofisa elimu wa wakati ule, kila akiombwa darasa la watoto viziwi, aliandika kwenye karatasi: njooni wiki ijayo. Pini akaenda hiyo wiki ijayo, cherehani ya mkono kichwani. Akaiweka kwenye baraza ya ofisi na kuanza kushona. Ofisa akatoka kumfukuza. Pini akainua macho, akaonyesha masikio kwamba hasikii, akaendelea na pindo lake. Kesho yake akarudi, na siku zilizofuata, masika nzima, kwa sababu baraza ile haikuvuja. Wateja wakaanza kumfuata pale pale kupimwa. Wageni wa ofisi walidhani ni fundi wa serikali. Mwishowe hata mke wa ofisa akaleta gauni lake lipunguzwe kiuno, na nadhani hapo ndipo mzee wa watu alipojua ameshindwa. Akatoa stoo moja ya shule ya msingi. Ndilo darasa hadi leo, ila kibao mlangoni kina jina la ofisa.

Nyusi alikuwa amefika kwenye kiuno cha gauni umeme ulipokatika. Mawingu yalikuwa yamefunga na karakana haina madirisha, tukabaki gizani. Kwa wanaosikia giza halikatishi hadithi. Kwetu ni kama mtu ameng'oa ukurasa. Tukatoa simu na kumulika mikono ya Nyusi kutoka pande zote, na akamaliza hivyo hivyo, mikono mitupu inayong'aa, bila kichwa.

Wakati wa kuondoka tulisimama mlangoni tukiagana mpaka mvua ikaanza upya. Viziwi hatujui kuagana upesi.

Alhamisi, 19 Machi

Nimekwenda kwa kaka yake Pini. Duka lake ni refu na jembamba, harufu ya rangi na misumari mipya. Nilitumia sauti yangu, jambo ninalolifanya kwa nadra. Nilikuwa darasa la pili homa iliponichukulia masikio, kwa hiyo maneno ninayo, ila binti yangu anasema sauti yenyewe ni ya bawaba isiyotiwa mafuta. Wateja wote wakageuka. Ndicho nilichotaka.

"Mzee, siku ya jiwe naomba nimzungumzie dada yako. Sisi wenzake tunayo mengi. Na kwenye jiwe tunataka jina lake la mikono."

Alichukua penseli sikioni, akaandika kwenye boksi la misumari, mwandiko mzuri wa kulala: *Mama, siku hiyo ni ya familia. Jina na miaka vinatosha. Sitaki maonyesho ya mikono.*

Nikaanza kumjibu. Akageukia mtu aliyetaka varnishi, akanipa mgongo. Mtu anayesikia akipewa mgongo anaweza kuendelea kusema. Mimi nikipewa mgongo, mazungumzo yamekwisha.

Mzee huyu simpendi. Naandika bila kuzunguka. Ana macho ya Pini kabisa, na hilo linanikera zaidi.

Ijumaa, 20 Machi

Mvua. Matundu ya vifungo siku nzima.

Jumamosi, 28 Machi

Nimegombana na binti yangu.

Anafanya kazi duka la dawa, na Jumamosi hupita kula. Nilimwambia nitasema siku ya jiwe, mzee apende asipende, na yeye atakuwa sauti yangu. Akaweka kijiko chini taratibu.

"Mama, umeniuliza au umeniambia?"

"Nimekuambia. Kwani kuna mwingine?"

"Ndilo hilo. Hajawahi kuwepo mwingine." Mikono yake ni ya haraka kuliko yangu, na akikasirika inakata kama mkasi. "Benki alikwenda nani? Kwa mwenye nyumba? Daktari alipoona uvimbe kwenye kizazi chako, aliyekuambia ni nani? Nilikuwa darasa la nne. Nilikuwa sijui kizazi ni nini, na ikabidi nikueleze. Tangu nimejua kusema mimi ni mdomo wako. Nimechoka."

"Huyu ni Pini. Amekushonea nguo tangu ukiwa mchanga."

"Najua ni Pini."

"Basi utafanya."

Akafumba macho. Sijui kama wanaosikia wataelewa jambo hili. Mtu akifumba macho katikati ya ugomvi wetu amekuzimisha. Unaweza kupunga mikono mpaka ikatike. Alikaa hivyo, macho yamefumbwa, machozi yakimtoka kwa chini. Nikaondoa sahani, nikaosha vyombo, niliporudi alikuwa ameondoka. Mwavuli wake ameuacha.

Nina hasira naye, na nina uchungu. Nimekaa hapa na mashati ya shule yasiyo na kola, na msimu unakwenda.

Alhamisi, 2 Aprili

Binti ameandika ujumbe: *umekula?* Nimejibu: *ndiyo.* Hayo ndiyo maongezi yetu sasa.

Jumatatu, 6 Aprili

Nyusi anauliza kila akipita: mzee amekubali? Namwambia bado. Binti je? Bado. Anainua zile nyusi. Nimemwambia hata kama itabidi nisimame makaburini na kupiga kelele kwa sauti yangu ya bawaba, nitasimama.

Jumapili, 12 Aprili

Mvua imenyesha siku tatu mfululizo, na muuza mayai, anayepita njia ya makaburini, alituambia kaburi la Pini limebonyea upande mmoja na maji yamesimama juu yake. Nyusi akachukua sepetu, mimi jembe, tukaenda.

Tulimkuta kaka yake Pini ameshafika. Yuko peke yake, amevaa mabuti ya mpira, suruali imekunjwa magotini, anachimba mfereji kuyaongoza maji. Alikuwa ameshachimba kipande kirefu. Tulisalimiana kwa vichwa. Hakuna aliyemwuliza mwenzake amekuja kufanya nini. Nyusi akashika upande wa juu, mimi nikawa nasogeza udongo, tukafanya kazi mvua ikitupiga mgongoni.

Kisha likatokea jambo. Mzee alikuwa ndani ya mfereji na jembe lake likakwama kwenye mzizi. Alitaka sepetu ya Nyusi, iliyokuwa imesimama karibu yangu. Akanitazama, akapiga goti lake kwa kiganja mara mbili, akavuta vidole kuelekea kifuani. Lete.

Nikampa. Mikono yangu ndiyo iliyompa, mimi mwenyewe nilikuwa nimeganda. Sisi sote tuna ishara moja ya "lete", na siyo hiyo. Ni mtu mmoja tu niliyemwona akipiga goti namna ile. Miaka yote Pini alitaka mkasi kwa kupiga goti mara mbili, na wasichana wake wa kushona tulimcheka, tukidhani ni uzembe wa mtu aliyejifunza ukubwani.

Nikajipiga goti mara mbili, nikavuta vidole kifuani, nikamwelekezea kidole: wewe umeipata wapi?

Mzee aliangalia mikono yake kana kwamba amekuta si yake. Akapanda juu, akafuta matope kwenye suruali, akashika njia. Sepetu ya Nyusi kaondoka nayo.

Jumatano, 15 Aprili

Nimevunja sindano mbili leo kwa kutotazama. Nawaza goti lile. Pini hakuwahi kuniambia alikuwa na mtu wa kuongea naye kabla yetu. Nilidhani viziwi wa mji walimpokea hana lugha.

Jumanne, 21 Aprili

Sketi za shule, pindo juu ya pindo. Sepetu haijarudi, na Nyusi analalamika kama aliyeibiwa gari.

Jumapili, 26 Aprili

Sikwenda karakana ya Nyusi leo, nilikuwa na kazi ya kumalizia. Taa ya mlangoni ikawaka. Hiyo taa nayo ni kazi ya Pini. Mgeni anabonyeza kitufe nje na balbu inawaka juu ya cherehani. Alikuwa kaka yake, na sepetu mkono mmoja, suruali mkono mwingine. Suruali ilitaka kupandishwa pindo. Nikaipima, nikaona haikuhitaji kupandishwa hata kidogo. Nikamvutia kiti.

Alikaa akitazama cherehani ya mkono iliyo juu ya kabati, ile iliyokwenda barazani. Alianza kusema, nami nikajaribu kusoma midomo, lakini ana masharubu na anasema akiangalia chini. Nikashika maneno mawili tu: "mama" na "mikono".

Hapo binti yangu akaingia. Alikuja kuchukua mwavuli wake, hivyo alisema. Alitazama uso wa mzee, akatazama wangu, akasimama nyuma kidogo ya bega lake mahali ninapoweza kuwaona wote wawili, akaanza kutafsiri. Sikumwomba. Naliandika hilo kwa herufi zilizonyooka: sikumwomba.

"Tulikuwa na lugha yetu," mzee alisema. "Mimi na yeye tu, kabla hajawajua nyinyi. Tuliitunga wenyewe. Mama alikuwa anatukaripia tusirusherushe mikono mezani. Nilipoanza shule wenzangu waliiona, wakanicheka njia nzima. Nikaiacha barabarani, nikabaki nayo nyumbani. Halafu hata nyumbani nikaiacha. Yeye akawapata nyinyi, akapata lugha kubwa, akawa akija kunisalimu mikono inakwenda kasi siambulii kitu. Mimi ninayo ile ya kitoto tu. Lete, njaa, mbwa, usimwambie mama."

Akaitazama tena ile cherehani. Binti naye akashusha mikono, akasubiri.

"Siku ya mazishi nilitaka kusema. Lakini yote ninayoyajua juu yake niliyajua kwa mikono. Nikasimama mdomo mtupu, nikasema yale waliyozoea kusema watu. Bubu, mpole." Akapangusa masharubu. "Hakuwa mpole. Alikuwa ananipiga."

Nilicheka, naye akacheka, na kwa mara ya kwanza sikuyachukia macho yake. Nilikuwa nimemjengea mzee huyu kesi nzima kichwani, na hukumu nimeshatoa.

"Semeni," alisema. "Wekeni na mkono kwenye jiwe. Ila mimi msinisimamishe mbele za watu."

Nikamwahidi. Alipoondoka, na suruali yake isiyopandishwa, binti yangu alibaki akizungusha mwavuli sakafuni.

"Nitatafsiri siku ya jiwe," alisema. "Kwa ajili ya Pini, na kwa sababu nimetaka. Na nina langu la kusema. Ule utepe mnausimulia nyinyi kina mama tu. Nimekuwa upande wa pili wa utepe ule, hakuna aliyeniuliza."

"Nakuuliza sasa."

"Utasikia siku hiyo," akasema, akaondoka. Neno hilo "utasikia" huwa ananitania nalo tangu mdogo.

Jumapili, 3 Mei

Nimechora mkono. Nilikaa dirishani na karatasi ya pateni ninayokatia nguo, nikauweka mkono wa kulia kwenye pembe ya mdomo, nikauvuta mbele kidogo ili niuone vizuri, nikauchora kwa wa kushoto. Mimi natumia mikono yote, Pini alinilazimisha. Gumba, shahada, kichwa cha pini katikati, mikunjo yote ya kiganja. Nimeufuta na kuurudia mpaka karatasi ikatoka manyoya. Jioni nikampelekea fundi wa mawe, naye akasema hajapata kuchonga kitu kizuri namna hii, siku zote ni majina na maua.

Ijumaa, 8 Mei

Mvua za asubuhi tu. Mashati yote yamechukuliwa.

Jumamosi, 16 Mei

Tumefanya mazoezi, mimi na binti. Ananisimamisha kila mara: "Mama, polepole, nina mdomo mmoja na wewe una mikono miwili." Familia imepanga tarehe 6 Juni.

Jumapili, 24 Mei

Jiwe limekamilika, na nimeliharibu.

Tulikwenda wote baada ya mkutano, viziwi wote wa Jumapili, kwa furaha kabisa. Fundi akafunua gunia. Nyusi akatazama, akacheka, kisha akaacha kucheka ghafla akanitazama mimi. Na mimi nikaona.

Nieleze, maana asiyetumia mikono hawezi kuliona kosa hili. Mwenzako akikutajia jina la Pini, wewe unaona mgongo wa mkono wake, na vidole vimeelekea usoni kwake. Hivyo ndivyo jina lilivyo kwa anayetajiwa. Mimi nilikaa dirishani nikachora nilichokuwa nakiona mwenyewe: kiganja, mikunjo, gumba mbele. Mkono wa jiwe umegeuka. Ni mkono kama unavyoonekana na mwenyewe tu anayejitaja, na watu hawakai ndani ya macho ya mwenzao. Tangu nikiwa mtoto nazungumza kwa mikono, na nimechora kama mtu aliyeianza jana.

"Itabidi tulale naye chini ndipo tusome," Nyusi alisema. Muuza mayai akampiga kofi la bega.

Fundi hakuelewa tatizo. Aliona mkono mzuri. Nilipomwandikia, akatikisa kichwa: jiwe halifutiki, na lingine halipatikani kabla ya siku yenyewe. Pini angeniambia neno moja, fumua. Lakini jiwe si kola.

Jumatatu, 25 Mei

Nilikwenda dukani kwa mzee kabla hajafungua, nikamwandikia yote kwenye boksi la misumari. Nikamwomba tuahirishe. Tukaenda pamoja kwa fundi. Alilitazama jiwe kwa muda, mkono mmoja mfukoni, wa pili ukichezea masharubu. Kisha akachukua penseli.

*Acha hivyo.*

Nadhani amenihurumia, na huruma ni kitu cha mwisho nilichokitaka. Lakini watu wameshaalikwa, na nilisema atasemwa. Atasemwa mbele ya jiwe lililogeuka.

Jumapili, 31 Mei

Wiki nzima hakuna mvua. Meza imetulia.

Jumamosi, 6 Juni

Nitaandika yote nikiwa bado nayaona.

Udongo ulikuwa umekauka juu na kupasuka pasuka, ule mfereji umebaki mkavu pembeni. Familia ilikaa upande mmoja, viziwi upande wa pili, kama timu mbili. Waliiondoa nguo iliyofunika jiwe, na wenzangu ambao Jumapili ile hawakuwepo wakanigeukia mmoja mmoja. Nikanyoosha gauni, nikaenda mbele. Binti akasimama kando yangu.

Nilisema, "Mzee wetu alisema hakumsumbua mtu. Mimi nimekuja kumshtaki. Alisumbua mji mzima." Nikaona nyuso za familia zikigeuka kutoka mikononi mwangu kwenda mdomoni mwa binti na kurudi. Nikaeleza cherehani barazani. Nikasema kibao cha darasa lile kina jina la mtu mwingine, na kwamba aliyelifungua ni huyu hapa. Mwanamume mmoja wa familia akasema kitu, na binti akanipa: "Anasema mwanawe anasoma shule hiyo, hakujua." Nikamwambia sasa anajua. Nikaeleza taa ya mlango. Nikawataja mafundi aliowafundisha, mmoja mmoja kwa jina la mikono, na kila aliyetajwa akasimama, na walipokwisha kusimama upande wetu ulikuwa haujabaki mtu kitini isipokuwa watoto na Nyusi, ambaye baadaye alisimama tu kwa wivu.

Kisha nikatulia, na binti akasema la kwake, kwa mdomo na mikono pamoja, jambo ambalo ni gumu kuliko watu wanavyodhani.

"Nimelala na utepe wa Pini mkononi mpaka nilipoanza kutembea. Mama anajua upande wake. Nikivuta, anaamka. Upande wangu ni huu: mimi sikuwahi kulia usiku. Sikuhitaji. Nilijua nikisogeza mkono tu, kuna mtu. Nimekuwa nikilalamika kwamba nilizaliwa kuwa mdomo wa mama. Lakini kabla ya hapo, aliyesikilizwa ni mimi."

Sikuweza kuendelea. Nililia mbele yao wote. Nikataja jina la Pini pamoja na wenzangu, nikasema, "Hili ndilo jina lake. Mtajeni."

Familia ikajaribu, kwa adabu. Shangazi mmoja mkubwa wa mwili, wa mstari wa mbele, alinitazama akaniiga, na kama wote wanaoiga mara ya kwanza, aliugeuza mkono: akaona mgongo wa mkono wangu, naye akataka kuuona mgongo wa wake, kiwiko kikapaa, vidole vikaenda sikioni. Wote walikuwa hivyo hivyo, vurugu ya viwiko. Watoto wa upande wetu wakaanza kucheka.

Kaka yake Pini akanyanyuka. Nilimwahidi kwamba hatasimamishwa, na hakuna aliyemsimamisha. Akaenda mpaka kwenye jiwe, akainua mkono wake wa kulia mbele yake, karibu na ule wa kuchongwa, akausogeza mpaka alichokiona mkononi kikawa sawa na alichokiona kwenye jiwe: kiganja, mikunjo, gumba mbele. Akaupeleka mkono kwenye pembe ya mdomo bila kuugeuza. Akatugeukia, akaitoa ile pini.

Alilitaja sawasawa. Kama mmoja wetu.

Ndipo nilipoelewa maana ya "acha hivyo". Alikuwa ameshajaribu siku ile kwa fundi, kwa huo mkono mmoja usiokuwa mfukoni, na mimi nikadhani ni huruma. Mkono uliochongwa kwa ajili yetu, tunaojua, ungewapoteza wasiojua. Huu wa kukosea ndio unaofundisha. Unauiga kama ulivyo na umeshamtaja.

Shangazi akamfuata. Akaweka mkono wake kando ya jiwe, akaulinganisha, akaupeleka mdomoni, ukaja sawa, akatuangalia kama mtu aliyepokelewa. Baada yake wakapanga foleni. Familia nzima ya Pini ikapita mbele ya jiwe ikijifunza kumwita, na sisi tukisimama upande wa pili tukimpokea kila mmoja kwa kichwa, umesema sawa, umesema sawa.

Mzee alikuja kusimama nami mwishoni. Alipiga goti mara mbili, akavuta vidole kifuani, akaonyesha sepetu ya Nyusi iliyokuwa imeegemezwa mtini. Nikaenda nikamletea. Alikuwa anataka kuufukia ule mfereji.

Jumatatu, 8 Juni

Kitambaa kimekauka. Chaki inashika.

Yule shangazi amekuja na gauni la kupunguza. Alibonyeza kitufe, taa ikawaka. Alipoingia aliona cherehani ya mkono juu ya kabati, akainyooshea kidole, akaweka vidole kwenye pembe ya mdomo na kuvitoa, akainua nyusi kuniuliza.

Nikachomoa pini nilizokuwa nimeuma, nikamjibu ndiyo, ni yake. Kisha nikampima kiuno.